Peremende: Baridi Isiyo na Barafu

Katika vituo vya mabasi vya Afrika ya Mashariki, kuanzia Mombasa hadi Kampala na kuanzia Dar es Salaam hadi Bujumbura, kuna bidhaa moja ndogo isiyokosekana katika sinia la mchuuzi. Si ndizi wala si karanga, ni peremende. Abiria mwenye kichefuchefu huinunua ili atulize tumbo kabla gari halijaanza kupanda milima. Aliyekula kitunguu huinunua ili asiwaudhi jirani zake. Aliyekaukwa na koo huimumunya polepole, na mzee asiye na haja yoyote hununua moja kwa sababu tu ameizoea.

Mtu huyo afikapo nyumbani huikuta peremende ikimngoja. Imo katika dawa ya meno, katika marhamu ya kuchua viungo, katika dawa ya kikohozi na katika chingamu za watoto. Nduguye wa karibu, jani la nanaa, yumo katika birika la chai na katika sufuria ya biriani. Ni wachache mno wapitishao siku nzima bila ya kukutana na mmea huu kwa njia moja au nyingine. Lakini ni wachache vile vile waliokwisha kujiuliza: baridi hii, isiyotoka katika barafu wala katika upepo, yatoka wapi?

Katika makala haya tunakusudia kueleza mmea huu ni nini, umefikaje mikononi mwetu, na watu huutumiaje katika maisha ya kila siku. Lakini zaidi ya hayo tunakusudia kueleza jambo moja ambalo kila mwenye nyumba yampasa alijue. Ubaridi wa peremende ni habari tu. Si hali halisi. Ajuaye tofauti hiyo atanufaika sana na peremende. Asiyeijua huenda akaipa kazi isiyoiweza, na gharama ya jambo hilo mara nyingine hulipwa na mtoto mchanga.

JINA NA NASABA

Kiswahili kinayo majina mawili katika jambo hili. La kwanza ni nanaa, tulilolipata kwa Waarabu, na mmea wenyewe huitwa mnanaa. La pili ni peremende, neno lililotoka katika Kiingereza, likapita katika ndimi za watu hadi likapata sauti ya Kiswahili. Nchini Kenya neno hili limepanuka hata likawa jina la pipi ya aina yoyote; kwingineko limebaki kuwa jina la pipi yenye ubaridi. Hapa tutaliita jani la kawaida la bustani nanaa, na tutaiita peremende aina ile maalumu yenye ukali, pamoja na mafuta na pipi zitokanazo nayo.

Aina hiyo maalumu ni chotara. Mzazi mmoja ni mnanaa uotao kandokando ya maji, na mwingine ni mnanaa wa kawaida wa bustani. Kwa kuwa ni chotara, mmea huu kwa kawaida ni tasa, yaani hauzai mbegu ziwezazo kuota. Huenea kwa mashina yatambaayo ardhini na kutoa mizizi kila yanapogusa udongo. Kwa hiyo kila shamba la peremende ni vipande vya mmea uliotangulia, kama vile shamba la muhogo lilivyo vipande vya miti ya muhogo wa jana.

Mtaalamu wa mimea wa Kiingereza, John Ray, aliieleza peremende katika kitabu chake cha mwaka 1696. Mwaka 1721 ikaingizwa katika orodha rasmi ya dawa ya mji wa London. Mwaka 1753 Linnaeus wa Sweden akaipa jina la kitaalamu, Mentha piperita, na sehemu ya pili ya jina hilo yatokana na pilipili. Neno la Kiingereza nalo lina maana hiyo hiyo, na Waarabu huiita nanaa ya pilipili. Ni ajabu kwamba mmea unaosifiwa kwa baridi umepewa jina la kitu kinachochoma. Hata hivyo, tutaona hapo mbele ya kuwa waliolitoa jina hilo walikuwa wamekaribia ukweli kuliko walivyojua.

Msomaji asidhani kwamba ukoo huu ni wa kigeni kwetu. Mrihani unaotiwa katika vikuba na nywele za maharusi wa pwani, na kivumbasi kinachochomwa ili kufukuza mbu, vyote ni wa ukoo mmoja na mnanaa. Atakaye kuhakikisha na alipapase shina: atalikuta lina pembe nne, na majani yake yametoka mawili mawili, yakielekeana.

KUTOKA SHAMBANI HADI CHUPANI

Kilimo kikubwa cha peremende kilianza katika karne ya 18 huko Mitcham, kijiji kilichokuwa karibu na London na ambacho sasa kimemezwa na mji huo. Wahamiaji wakavuka nayo bahari hadi Marekani, ikapandwa New York na kisha Michigan, ambako Albert Todd wa mji wa Kalamazoo aliifanyia biashara kubwa hata akaitwa mfalme wa peremende. Baadaye ugonjwa wa ukungu uishio katika udongo uliyashambulia mashamba hayo, na kilimo kikahamia zaidi upande wa magharibi, katika majimbo ya Oregon, Washington na Idaho.

Yamkini msomaji atauliza: kwa nini isilimwe kwetu, penye jua mwaka mzima? Jibu ni kwamba peremende haihitaji jua tu. Yahitaji siku ndefu. Wakati wa kiangazi cha nchi za kaskazini jua hukaa angani saa 15 au zaidi, na hapo ndipo mmea hutoa maua na mafuta mengi mazuri. Kwetu sisi tuishio karibu na Ikweta mchana ni wa saa 12 hivi siku zote. Mmea huota, hutambaa na kutoa majani ya kutosha chai, lakini hautupi mafuta ya kiwanda kama uwapavyo watu wa kaskazini.

Mavuno yenyewe hufanyika maua yanapoanza kuchanua. Mimea hufyekwa, huachwa inyauke kidogo shambani, kisha hutiwa katika tangi na kupitishiwa mvuke. Mvuke huchukua mafuta yaliyomo katika majani. Ukipozwa hugeuka maji, na mafuta huelea juu yake. Hii ndiyo kazi ya kukeneka, ile ile ifanywayo na wakulima wa Pemba wanaotoa mafuta katika makonyo ya karafuu.

Ndani ya mafuta hayo ndimo ilimo mentoli, ambayo ndiyo roho ya peremende. Kiasi chake ni kama theluthi moja hadi nusu ya mafuta yote. Lakini mentoli nyingi ya asili iuzwayo duniani haitokani na peremende yenyewe. Yatokana na ndugu yake, mnanaa wa Kijapani, ambao mafuta yake yakipozwa sana huacha fuwele nyeupe za mentoli. Kabla ya Vita Vikuu vya Pili, mji wa Kitami, kaskazini mwa Japani, ulikuwa makao makuu ya bidhaa hii duniani. Vita vilipokata biashara ya Wajapani, Brazil ikachukua nafasi yao. Leo mzalishaji mkubwa ni India, hususan jimbo la Uttar Pradesh, ambako wakulima wengi wadogo hupanda mnanaa huo. Nyingine hutengenezwa viwandani bila jani hata moja. Mjapani Ryoji Noyori, ambaye uvumbuzi wake uliwezesha njia mojawapo ya kuitengeneza, alishiriki Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2001.

KATIKA CHAI, CHAKULA NA SAFARI

Sasa tuyatazame matumizi. Tangu kale matumizi makubwa ya nanaa ni chai. Nchini Morocco mgeni hakaribishwi bila ya bilauri ya chai ya kijani iliyojazwa majani ya nanaa na sukari nyingi. Msomaji huenda akashangaa kusikia kwamba desturi hii, ionekanayo ni ya kale mno, ilienea kwa watu wote hasa katika karne ya 19. Wakati wa Vita vya Crimea, kati ya mwaka 1853 na 1856, wafanyabiashara wa Kiingereza waliyakosa masoko yao ya bahari ya Baltiki, wakazipeleka shehena zao za chai ya Kichina katika bandari za Tangier na Mogador. Chai yenyewe huitwa baruti, kwa sababu majani yake husokotwa mfano wa chembe za baruti. Nanaa ilikuwapo tayari, baruti ikaikuta.

Nchini Misri pia chai ya nanaa ni jambo la kila siku. Ujerumani, chai ya majani ya peremende pasipo majani ya chai ya kawaida ni kinywaji cha mgonjwa nyumbani na hospitalini. Katika pwani yetu na visiwani, nanaa hutiwa katika chai ya rangi pamoja na tangawizi au mdalasini, husagwa pamoja na kotmiri na pilipili mbichi kuwa chatne ya kulia bajia na sambusa, na hutandazwa katika biriani ili kupunguza uzito wa samli. Siku hizi maji ya ndimu yaliyosagwa pamoja na nanaa yamekuwa kinywaji cha kawaida katika mikahawa ya miji yetu.

Peremende imekuwa pia chakula cha wasafiri. Huko Kendal, kaskazini mwa Uingereza, hutengenezwa tangu mwaka 1869 kipande kigumu cha sukari na mafuta ya peremende. Msafara wa Shackleton ulioelekea Ncha ya Kusini mwaka 1914 ulikichukua, na tarehe 29 Mei, 1953, Edmund Hillary na Tenzing Norgay walikila kileleni mwa mlima Everest. Kilichowapa nguvu ni sukari. Peremende ilikifanya kilike. Nako Vienna, mwaka 1927, ilianza kuuzwa pipi ndogo iitwayo PEZ, ambayo jina lake ni herufi tatu zilizochukuliwa mwanzoni, katikati na mwishoni mwa neno la Kijerumani lenye maana ya peremende. Ilikusudiwa kuwasaidia watu waache sigara. Jambo hili la sigara tutalirudia, maana lina upande wake wa pili.

MLINZI NA KING'ORA

Baridi yenyewe basi yatoka wapi? Kwa muda mrefu watu walidhani kwamba mentoli hupoza kama vile spiriti inavyopoza ngozi inapokauka. Sivyo. Mtu akipima joto la ulimi wake kabla na baada ya kumumunya peremende, hataona tofauti ya maana. Ulimi haukupoa, ubongo ndio ulioambiwa kuwa umepoa.

Mwaka 2002 makundi mawili ya wataalamu huko Marekani, moja likiongozwa na David Julius na jingine na Ardem Patapoutian, mzaliwa wa Beirut, yalikigundua kipokezi kilichomo katika neva za ngozi na za kinywa, ambacho kazi yake ni kutoa habari za baridi. Kwa kawaida huanza kazi joto linaposhuka chini ya nyuzi 28 hivi za Sentigredi. Mentoli hukigusa kipokezi hicho na kukiamsha ijapokuwa joto halijashuka. Wataalamu hao wawili walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2021 kwa kueleza jinsi mwili unavyotambua joto, baridi na mguso.

Sisi tulio jeshini twalielewa jambo hili upesi. Mlinzi wa lango ana amri moja: akimwona adui, apige king'ora. Ikiwa mtu mwingine atauegemea mkono wake na king'ora kikalia, kambi nzima itaamka na kushika silaha, hali nje hakuna adui. King'ora ni cha kweli, adui hayupo. Mentoli ndiyo yenye kuuegemea mkono wa mlinzi wa baridi. Hii ndiyo sababu maji ya kawaida ukiyanywa baada ya peremende huonekana kama yametoka jokofuni: mlinzi alikuwa amekwisha kushtuliwa, na ubaridi kidogo tu wamtosha.

Jambo la kupendeza ni kwamba pilipili nayo hufanya vivyo hivyo kwa mlinzi wa joto, na ni David Julius huyo huyo aliyemgundua mlinzi huyo mwaka 1997, akitumia kiini cha ukali wa pilipili. Pilipili huunguza bila ya moto. Peremende hupoza bila ya barafu. Waliouita mmea huu jina la pilipili hawakujua lolote juu ya neva, lakini ndimi zao zilikuwa zimetambua kwamba hawa wawili hufanya kazi moja.

UBARIDI UNAPODANGANYA

Tukiisha kulielewa hilo, mambo mengi ya kila siku huonekana kwa sura mpya. Tuanze na meno. Mtu hupiga mswaki, huhisi kinywa kimepoa, na papo hapo huamini kuwa meno ni safi. Lakini si peremende iliyoyasafisha. Kinachosafisha ni mswaki wenyewe na muda mtu anaoutumia, na kinachoyakinga meno yasioze ni madini ya floridi yaliyomo katika dawa. Asukutuaye kwa haraka na kutosheka na ubaridi amejipongeza bure.

La pili ni pua iliyoziba. Mgonjwa wa mafua akivuta harufu ya mentoli huhisi njia imefunguka. Katika miaka ya 1980 wataalamu wa Cardiff, huko Wales, walipima hewa ipitayo puani mwa watu waliovuta mentoli. Walikuta kwamba watu hao walihisi hewa inapita vyema zaidi, lakini vipimo vilionyesha kuwa pua imeziba vile vile kama awali. Faraja hiyo si kitu cha kudharauliwa, kwani aliyefarijika hupata usingizi. Lakini yafaa ijulikane kuwa ni faraja.

La tatu ni sigara. Katika miaka ya 1920 Mmarekani mmoja wa Ohio, Lloyd Hughes, alianzisha sigara zilizotiwa mentoli. Moshi wake huingia kooni kwa ubaridi, na kijana anayejifunza kuvuta hadhani kuwa anavuta kitu kikali. Sumu ni ile ile. Ukali tu ndio uliofichwa, na mwili ukanyimwa onyo la kukohoa. Kwa sababu hiyo nchi za Umoja wa Ulaya zilipiga marufuku sigara za namna hiyo kuanzia tarehe 20 Mei, 2020. Hivyo peremende iliyotumiwa Vienna kuwaondoa watu katika sigara ndiyo iliyotumiwa kwingineko kuwaingiza.

INAPOSAIDIA KWELI

Hata hivyo hatutaki msomaji adhani kuwa peremende ni udanganyifu mtupu. La hasha. Mafuta yake hulegeza misuli ya tumbo na matumbo, na hili si hisia tu. Ni jambo lililopimwa. Kwa watu wenye maradhi ya utumbo yaletayo msokoto na gesi mara kwa mara, chama cha madaktari wa matumbo cha Marekani kilipendekeza mafuta ya peremende katika mwongozo wake wa mwaka 2021. Mafuta hayo kwa kawaida hutiwa katika vidonge vyenye ganda lisiloyeyuka tumboni, ili yafike utumboni yakiwa kamili. Wazee waliompa mwenye kujaa gesi kikombe cha nanaa baada ya karamu hawakuwa wakibahatisha.

Lakini ulegezaji huo una ila yake. Penye mpaka wa umio na tumbo pana msuli ukazao kama mfuniko ili uchachu usipande juu. Peremende huulegeza nao. Kwa hiyo mwenye kiungulia anywaye chai ya peremende ili kujiponya huenda akakizidisha.

Maumivu ya kichwa yatokanayo na uchovu na mkazo pia hutulizwa na mafuta haya. Nchini Ujerumani mafuta ya peremende ya kiwango cha asilimia 10, yaliyochanganywa na alkoholi, hupakwa kwenye paji la uso na panja, na majaribio yaliyofanyika katika mji wa Kiel yalionyesha kuwa yanafaa. Vile vile mwenye kuteguka au kuumwa miguu baada ya mwendo mrefu hupata nafuu kwa marhamu yenye mentoli. Ila kwetu sisi pana tahadhari: kichwa kiumacho pamoja na homa si cha kupakwa mafuta na kusahauliwa. Kwanza kapimwe damu, maana malaria haiogopi harufu nzuri.

Jambo jingine lawahusu kina mama waja wazito na wote wenye upungufu wa damu. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 1999 ulionyesha kwamba chai ya peremende ikinywewa pamoja na mkate hupunguza madini ya chuma yanayoingia mwilini kutoka katika mlo huo kwa asilimia 84, karibu sawa na chai nyeusi. Haina maana kwamba chai hiyo iachwe. Maana yake ni kwamba isinywewe pamoja na mlo wa mboga na maharage, bali ingojee hadi chakula kitulie.

MTOTO MCHANGA NA MARHAMU

Sasa twafika penye jambo ambalo kwa ajili yake hasa tumeishika kalamu.

Katika miaka ya 1890 mfamasia mmoja wa Greensboro, huko North Carolina, Lunsford Richardson, alichanganya mentoli, kafuri na mafuta mengine katika marhamu ya kupaka kifuani. Ndiyo ijulikanayo leo kwa jina la Vicks VapoRub. Mafua makali yalipoenea duniani mwaka 1918, marhamu hiyo ilinunuliwa kwa wingi mno. Nyingine za namna hiyo zikafuata, na leo hakuna duka la mtaani katika nchi zetu lisilouza mojawapo. Vivyo hivyo wakati wa janga la Korona, mwaka 2020, watu wengi wa Tanzania na nchi jirani walijifunika mablanketi na kujifukiza kwa majani yenye harufu kali.

Kwa mtu mzima na kwa mtoto mkubwa, marhamu ya kupaka kifuani haileti madhara ikitumiwa ipasavyo. Lakini mtoto wa chini ya miaka 2 hapaswi kupakwa. Mentoli ikipakwa puani mwa mtoto mchanga au karibu na pua yake yaweza kulishtua koo lake hata likajibana na pumzi ikakatika. Kafuri nayo ikimezwa ni sumu, na mtoto hulamba kila kilichopakwa mwilini mwake. Mafuta halisi ya chupa ndogo ni makali zaidi kuliko jani kwa mbali sana. Yasiwekwe mahali afikapo mtoto, wala yasitiwe kinywani mwake hata tone moja. Na sufuria ya maji ya moto chini ya blanketi pamoja na mtoto ni hatari ya kuungua ambayo haihitaji maelezo.

Lakini hatari iliyo kubwa kuliko zote ni kuchelewa. Mtoto akohoa, nyumba nzima yanukia peremende, mama ahisi kwamba jambo limekwisha kufanywa, na usiku wapita. Ikiwa ni mafua ya kawaida, kutapambazuka salama. Ikiwa ni nimonia, saa hizo ndizo zilizohitajiwa. Harufu ya marhamu haiui vijidudu vilivyomo mapafuni.

Kwa hiyo kila mzazi na ajifunze kuhesabu pumzi, kama Shirika la Afya Duniani linavyowafundisha wahudumu wa vijijini. Mtoto awe ametulia, halii wala hanyonyi. Mtazame kifua au tumbo linavyopanda, ukihesabu kwa saa dakika moja kamili. Kwa mtoto wa chini ya miezi 2, pumzi 60 au zaidi ni dalili ya hatari. Kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11 ni pumzi 50 au zaidi. Kwa mtoto wa mwaka 1 hadi asiyetimiza miaka 5 ni pumzi 40 au zaidi. Tena, kama sehemu ya chini ya kifua yabonyea ndani kila avutapo hewa, au kama hawezi kunyonya wala kunywa, asingojewe mtu wala asubuhi. Apelekwe kituo cha afya mara moja.

Saa ya mkononi na dakika moja ya utulivu ni kipimo kisichodanganywa na harufu yoyote. Hapo ndipo mzazi ajuapo kama adui yuko langoni au la.

MNANAA KATIKA UA

Baada ya kusema hayo, twamhimiza kila mwenye ua apande mnanaa. Haihitaji mbegu wala fedha. Omba kijitawi kwa jirani, kiweke katika glasi ya maji kwa siku chache mpaka kitoe mizizi, kisha kipande katika udongo mweusi wenye unyevu, mahali penye jua la asubuhi na kivuli cha mchana. Ni bora ukipande katika kopo kuukuu lililotobolewa chini, kwa sababu mnanaa ukiachiwa bustani hutambaa hadi kuyasonga mazao mengine. Uumwagilie kila jioni wakati wa kiangazi. Chuma vichwa vya matawi mara kwa mara, nao utazidi kuchipua. Majani ya akiba yaanikwe kivulini, kwani jua kali huyaondolea mafuta.

Mmea huo utaipa nyumba chai, chatne, harufu nzuri na nafuu ya tumbo lililojaa. Kazi hizo ni za haki yake, nao huzitenda vyema. Kazi ya mswaki tuuachie mswaki, kazi ya kupima damu tuiachie maabara, na mtoto apumuaye kwa shida tumpeleke kwa mganga wa zahanati. Wahenga walisema kila chombo na wimbile. Peremende nayo ina wimbi lake. Tusiipeleke katika bahari isiyo yake.